Goti la mdogo wangu: kama si saratani, kwa nini lifunguliwe mbele na nyuma?

Mwalimu wa Rungwe aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, ninawasalimu nyote. Naomba ushauri kuhusu goti la kushoto la mdogo wangu, kijana wa miaka 27 anayeendesha bodaboda kati ya Uyole na Mwanjelwa, ambaye hadi mwaka juzi alikuwa beki wa timu ya mtaani kwao. Goti hilo lilianza kuvimba bila yeye kuanguka wala kugongwa. Lilivimba, likanywea, likavimba tena, na kila liliporudi lilikuwa kubwa kidogo kuliko mara iliyotangulia. Maumivu hayakuwa makali kiasi cha kumlaza kitandani; alichokilalamikia zaidi ni kwamba goti limejaa, halikunji hadi mwisho, na nyuma yake kuna kitu kama yai kinachombana anapochuchumaa.

Katika kituo cha kwanza walivuta maji kwa sindano. Nilikuwepo, na ninakumbuka namna bomba lilivyojaa kimiminika cha rangi ya chai kavu iliyokolea majani. Tulielezwa kwamba ni damu iliyovilia kwa sababu ya mpira, akapewa vidonge vya kutuliza maumivu, tukarudi nyumbani. Baada ya miezi mitatu yalivutwa maji mengine ya rangi ileile. Eksirei ilisomwa kuwa haina tatizo. Katika hospitali ya pili, ambayo sitaitaja, alianzishiwa dawa za kifua kikuu kwa hoja kwamba goti moja likivimba kwa muda mrefu katika nchi yetu, basi hiyo ni TB. Alizimeza kwa miezi minne, na goti halikupungua hata kidogo. Maji ya goti yalipopimwa baadaye kwa mashine ya GeneXpert hayakuonyesha vimelea vya TB, na vipimo vya damu vya gauti na vya baridi yabisi navyo havikuonyesha kitu.

Mwezi uliopita bingwa wa mifupa aliagiza kipimo cha MRI, yaani picha za ndani zinazopigwa kwa sumaku. Majibu yanasema kwamba utando wa ndani wa goti umenenepa mbele na nyuma, una vinundu vingi, na unaonekana mweusi katika picha karibu zote. Bingwa alituandikia herufi nne, PVNS, akatueleza kwamba ugonjwa huu si saratani, ila anapendekeza kwanza kuchukua kinyama cha kupima, kisha kuuondoa utando wote kwa upasuaji wa mbele na wa nyuma ya goti.

Hapo ndipo familia ilipogawanyika. Mjomba, ambaye kwetu neno lake ni zito, ameuliza: kama daktari mwenyewe amekiri kwamba si saratani, kwa nini kijana achanwe pande mbili? Mama naye anaogopa kwamba uvimbe ukiguswa na kisu husambaa. Mimi nafundisha Kiswahili na historia, sina la kuwajibu. Naomba mwenye ujuzi anieleze ugonjwa huu ni kitu gani, kama kuna vidonge vya kuutibu, na kama kijana huyu ataweza kurudi kwenye pikipiki yake, kwa sababu ndiyo inayolisha watoto wawili.

Mzee wa Isyonje alijibu:

Mwalimu, poleni. Mimi si daktari, lakini nimeishi miaka mingi na goti bovu, kwa hiyo nina la kusema. Namuunga mkono mjomba wenu. Kitu kisichoua hakina haraka. Maji yakijaa, avutwe. Yakijaa tena, avutwe tena, na achomwe ile sindano ya kukausha ndani ya goti. Subirini walau viazi vitoke shambani ndipo mfikirie gharama. Nimeona vijana wakiingia chumba cha upasuaji wakitembea na kutoka wakiwa na magongo.

Tabibu wa Mifupa, Mbeya alijibu:

Mwalimu, pole kwa safari hiyo ndefu. Mzee wangu wa Isyonje, shikamoo. Nitakupinga kidogo, kwa heshima zote. Mimi ni daktari katika idara ya mifupa hapa jijini. Sijamwona mgonjwa wala picha zake, kwa hiyo ninaloweza kueleza ni ugonjwa wenyewe, na uamuzi unabaki kwa bingwa aliyelishika goti hilo kwa mikono yake.

Kila kiungo kinachokunjika kimefunikwa kwa ndani na utando mwembamba unaotoa ute wa kukilainisha. Katika ugonjwa huu, chembe chache za utando huo hupata hitilafu inayogusa jeni iitwayo CSF1, iliyoko kwenye kromosomu ya kwanza, nazo huanza kumwaga kwa wingi kemikali inayoziita chembe walaji za mwili. Zinazoitwa huja kwa makundi, na hizo ndizo zinazolijaza goti. Zile zenye hitilafu yenyewe zimekadiriwa kuwa kati ya asilimia 2 na 16 tu ya uvimbe wote. Huwa nawaambia wagonjwa kwamba ni kama msiba: mfiwa ni mmoja, lakini uwanja mzima umejaa watu.

Utando uliojaa namna hiyo hujikunja, huota vinyweleo na vinundu, na huvuja damu kila unapobanwa kati ya mifupa. Damu hiyo ikivunjika huacha chuma. Ni chuma hicho kilichoyapa maji ya mdogo wako rangi ya chai, na ni chuma hichohicho kinachoivuruga sumaku ya MRI, ndiyo maana utando ukatokea mweusi pale ambapo uvimbe wa kawaida wenye majimaji ungeng'aa. Kwa hiyo lile bomba uliloliona kwenye kituo cha kwanza lilikuwa na jibu ndani yake. Goti linalotoa maji ya kahawia mara mbili, bila ajali yoyote, halipaswi kurudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu.

Msishangae mkikuta jina tofauti kwenye majibu ya maabara. Madaktari Jaffe, Lichtenstein na Sutro, waliouita PVNS mwaka 1941, waliudhani kuwa mchochota wa utando, na jina lao lilieleza walichokiona kwa macho: rangi, vinyweleo na vinundu. Tangu mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani linautambua kama uvimbe halisi, kwa jina la uvimbe wa seli kubwa wa utando wa kano. Ni ugonjwa uleule kwa majina mawili.

Sasa nije kwa mjomba. Ni kweli kwamba huu si saratani. Kugeuka kwake kuwa saratani ni jambo la nadra sana. Lakini neno hilo linaeleza tu kwamba uvimbe hausafiri kwenda mapafuni. Halielezi unachokifanya mahali ulipo. Utando huu hula gegedu, yaani ile sehemu nyeupe na laini inayofunika ncha za mifupa, na ukiachwa hutoboa hata mfupa. Gegedu ikiisha kwa kijana wa miaka 27, kinachobaki ni kuliweka goti la bandia, ambalo kwa umri wake litachakaa naye angali hai, libadilishwe tena na tena. Kuvuta maji, Mzee wangu, humpa mgonjwa nafuu ya siku chache na kuuacha utando ukiendelea na kazi yake. Sindano ya kukausha nayo haiuondoi.

Kuhusu dawa za TB, nisimhukumu aliyezianzisha bila kujua alichokiona. TB ya goti na ugonjwa huu hufanana kwa nje: kiungo kimoja, mwendo wa polepole, uvimbe mkubwa kuliko maumivu. Katika mkoa wenye TB nyingi kama wetu, daktari anayesahau TB ni wa kulaumiwa zaidi ya anayeifikiria. Tofauti huanza kuonekana mtu anapotulia na kutazama. TB hufifisha mifupa inayokizunguka kiungo, nayo ikaonekana myepesi kwenye eksirei, wakati ugonjwa huu huacha mifupa na nafasi ya kiungo vikiwa vizima kwa muda mrefu, hadi eksirei inasomwa kuwa salama kama ilivyosomwa kwenu. Ukilifungua goti la TB unaweza kukuta vijipande kama punje za mchele. Watu wa Mbarali, wakulima wa mpunga, wasinichukie, ndivyo vinavyoitwa duniani kote. Kuna ugonjwa mwingine wa nadra wa utando huohuo, ambao hutengeneza vipande vya gegedu vinavyoelea na kulifunga goti ghafla; mara nyingi hivyo vina chokaa na huonekana kwenye eksirei kama punje za mahindi. PVNS haina chokaa. Daktari akiona chokaa ndani ya uvimbe uliojificha karibu na goti, lazima awaze pia aina fulani ya saratani ya nyama laini, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuchukua kinyama kwanza hata kama picha za MRI zinashawishi. Kinyama kichukuliwe na timu itakayofanya upasuaji, kwenye mstari ambao watakuja kuupasua, na kipande kimoja kipelekwe kupimwa TB ili mjadala huo ufungwe.

Kabla ya hapo, jambo moja dogo ambalo husahaulika. Watu wenye himofilia, yaani ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda vizuri, huvuja damu ndani ya goti, na MRI yao inaweza kufanana sana na hii. Waulizeni wazee kama upande wa mama kuna mwanamume aliyetokwa damu kupita kiasi alipotahiriwa au alipong'olewa jino. Ikiwa yupo, semeni kabla sindano haijamgusa kijana.

Kwa nini mbele na nyuma? Goti lina vyumba. Chumba cha mbele kinafikika kwa matundu madogo: kamera huingia kwa tundu moja, kifaa cha kukwangua utando kwa jingine, na bingwa mzoefu anaweza kukisafisha vizuri bila kulichana goti. Nyuma ya kano mbili zinazovukana katikati ya goti kuna chumba kingine, na huko ndiko lilikokaa lile yai alilolihisi mdogo wako. Wapo mabingwa wanaokifikia hata hicho kwa matundu, lakini uvimbe ukiwa umetoka nje ya kiungo na kushuka kuelekea kwenye shavu la mguu, wengi huchagua kufungua. Mgonjwa hulazwa kifudifudi, ngozi huchanwa kwa mchoro wa herufi S ili kovu lisije likalikaza goti, kisha mshipa mkubwa wa damu na neva zinazoelekea unyayoni husogezwa kando kwa uangalifu kabla ya kuugusa uvimbe. Ni upasuaji wa subira. Unaweza kufanywa wote siku moja au kwa awamu mbili, na kila njia ina watetezi wake.

Kuhusu hofu ya mama, mwambieni kwamba uvimbe huu hausambazwi na kisu. Hurudi kwa sababu ya mabaki yaliyoachwa. Kuna aina mbili. Ile ya kinundu kimoja ikitolewa yote hurudi kwa nadra. Ile iliyotapakaa goti zima, ambayo kwa maelezo yako ndiyo aliyonayo mdogo wako, hurudi mara nyingi. Ripoti hutofautiana, na zipo zinazoonyesha kurudi kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa miaka ilivyopita. Mtu anayewaahidi kwamba haitarudi kabisa anawadanganya.

Vidonge vipo. Marekani iliidhinisha pexidartinib mwezi Agosti 2019, na vimseltinib mwezi Februari 2025, zote zikiwa za kuizuia ile njia ya CSF1. Ya kwanza inaweza kuliumiza ini vibaya, na mamlaka ya dawa ya Ulaya iliikataa mwaka 2020. Zimekusudiwa wagonjwa ambao upasuaji hautawasaidia, au utawaumiza kuliko ugonjwa. Kwa kijana mwenye gegedu nzima na bingwa aliye tayari, nisingeanza kuzitafuta.

Mwalimu wa Rungwe aliandika:

Daktari, asante sana. Nimeyasoma maelezo yako kwa sauti mbele ya familia jana jioni. Ulipofika kwenye jino, mjomba alikaa kimya, kisha akasema kwamba alipong'olewa jino akiwa kijana alitokwa damu kwa siku mbili, hadi wakamweka pamba na kumlaza. Hakuna kati yetu aliyewahi kulijua hilo. Je, ni jambo la kutia hofu?

Tabibu wa Mifupa, Mbeya alijibu:

Lisiwatie hofu, ila lisipuuzwe. Mjomba wa upande wa mama ndiye hasa ninayemuulizia, kwa kuwa himofilia hupita kwa akina mama na kuwaangukia watoto wa kiume. Huenda jino lilivunjika vibaya tu. Mwambieni bingwa, naye ataagiza kipimo cha muda wa kuganda kwa damu. Kwa kuwa himofilia hafifu inaweza kukipita kipimo hicho bila kuonekana, muulizeni pia kuhusu kupima kiwango cha vigandishi namba 8 na namba 9, hata kama sampuli italazimika kusafirishwa. Kinyama kisubiri majibu hayo.

Mama wa Mufindi alijibu:

Kamwene, Mwalimu. Mimi nimepitia ugonjwa huu mwenyewe, goti la kulia, na ninaandika nikiwa Mafinga, ambako asubuhi za Juni goti hunikumbusha lilipo kabla sijaamka vizuri.

Nilifunguliwa mara mbili. Mara ya kwanza, katika hospitali ambayo nitaihifadhi jina, daktari alilifungua goti kwa mbele akidhani anashughulikia kile kijisahani cha gegedu kilichochanika. Alikuta, kwa maneno yake, nyama ya rangi ya kutu kama sifongo, akaitoa aliyoiona, akanishona. Nilipouliza majibu ya maabara, nilijibiwa kwamba nyama haikupelekwa kwa sababu haikuonekana kuwa na tatizo. Sikujua wakati ule kwamba nilipaswa kukasirika. Baada ya miezi kumi na minne goti lilirudi kuwa kama lilivyokuwa, na safari hii uvimbe ulikuwa nyuma. Nilikwenda kwa bingwa mwingine, nikapigwa MRI kwa mara ya kwanza, kinyama kikachukuliwa, ndipo ugonjwa ukapata jina. Kwa miaka yote ile nilikuwa ninaambiwa nipunguze uzito.

Upasuaji wa pili ulikuwa wa mbele na nyuma, kwa siku moja, chini ya ganzi ya mgongoni. Nitakuwa mkweli: kidonda cha nyuma kiliniuma kuliko kuzaa. Sasa ni mwaka wa tatu, na picha ya mwisho haikuonyesha kitu kipya. Goti hunyooka lote, ila halikunji hadi mwisho. Choo cha kuchuchumaa nakitumia kwa kujishikilia ukutani. Kupiga magoti kuwasalimu wakwe nimesamehewa, jambo ambalo mwanzoni lilinitia aibu na siku hizi wifi zangu wananionea wivu.

Ushauri wangu ni mmoja, Mwalimu. Siku ya kinyama na siku ya upasuaji, uliza kwa mdomo wako kopo la sampuli liko wapi, limeandikwa jina la nani, na linakwenda maabara ipi. Kisha ufuatilie. Majibu yangu yalichukua wiki kadhaa, na bila kupiga simu sijui kama yangefika. Kabla ya kupangiwa picha nyingine, ulizeni pia kama bima yake inalipia MRI na kwa masharti gani, maana mimi niligundua dirishani.

Mzee wa Isyonje aliandika:

Nimesoma yote. Marahaba, daktari. Hilo la gegedu kuliwa huku eksirei ikionekana salama sikulijua, na limenifanya nilitazame goti langu kwa jicho jingine, ingawa langu ni la uzee. Nabaki na swali moja: ugonjwa huu ni wa wangapi? Isije ikawa kila goti lililovimba Mbeya sasa litapelekwa kwenye MRI.

Tabibu wa Mifupa, Mbeya alijibu:

Swali zuri, Mzee. Ni wa wachache. Makadirio ya Marekani yaliyochapishwa mwaka 1980, ambayo bado hunukuliwa, yalitaja wagonjwa wapya 1.8 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Hesabu za baadaye za Ulaya zimekuwa juu zaidi, lakini bado ni ugonjwa wa nadra. Huwapata zaidi watu wa kati ya miaka 20 na 50, na goti ndicho kiungo kinachoongoza, kikifuatwa kwa mbali na nyonga na kifundo cha mguu. Goti la mzee lililovimba baada ya kupalilia halihitaji MRI. Goti la kijana, moja tu, linalovimba na kurudi kwa miezi bila ajali, na likivutwa linatoa maji ya kahawia, hilo linahitaji.

Mazoezi Tiba, Njombe alijibu:

Naomba nijibu swali la pikipiki, kwa sababu limepitwa. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba, na magoti yaliyofunguliwa mbele na nyuma huja kwetu yakiwa na adui mmoja, yaani kukakamaa. Utando uliokwanguliwa huacha kidonda kikubwa ndani, na kidonda hicho kikitulia bila kusogezwa hushikamana. Kwa hiyo, bingwa akishatoa ruhusa, mazoezi huanza siku za mwanzo kabisa, mgonjwa akiwa bado wodini na akiwa amepewa dawa za maumivu za kutosha. Mtu anayeumia hakunji goti, hata umgombeze vipi.

Watu wetu hushughulika sana na kukunja na kusahau kunyoosha. Goti lisilonyooka humfanya mtu achechemee maisha yake yote, wakati lisilokunja lote bado humpeleka shambani. Kwa hiyo akilala asiweke mto chini ya goti, hata kama unampa raha, kwa kuwa goti litazoea kujikunja. Auweke chini ya kisigino, goti lining'inie, na aukaze msuli wa mbele wa paja mara nyingi kwa siku. Kukunja kuongezwe taratibu, na likifika wiki ya sita bila kuvuka pembe ya mraba, arudi kwa bingwa mapema. Wakati mwingine hulazimika kulikunja chini ya ganzi, na kadiri mtu anavyochelewa ndivyo jambo hilo linavyokuwa gumu.

Sasa, goti lake ni la kushoto. Gia za pikipiki hubadilishwa kwa mguu wa kushoto, na kwenye foleni ya Mafiati dereva huinua na kushusha unyayo huo mara nyingi kuliko anavyodhani, tena ndio mguu anaoutua chini akisimama kwenye mteremko. Nisingemruhusu kupanda kabla hajaweza kusimama kwa mguu huo peke yake, kuchuchumaa nusu bila kujishikilia, na kuusimamisha mwili ghafla bila goti kumsaliti. Kwa wengi hiyo ni miezi, na asihesabu kwa wiki. Mpira ungoje zaidi, na nafasi ya beki ndiyo ya mwisho kabisa kuirudia. Familia ipange mapema nani atakayeiendesha pikipiki hiyo kwa kipindi hicho, maana nimeona vijana wakiipanda wiki ya tatu kwa sababu ya hesabu ya tajiri.

Mwalimu wa Rungwe aliandika:

Ndugu zangu, naleta mrejesho baada ya kimya cha wiki tano. Kipimo cha kuganda kwa damu kilikuwa cha kawaida, na viwango vya vigandishi vilipopimwa vilikuwa vya kawaida pia. Mjomba amepimwa pamoja naye, kwa gharama yake mwenyewe, na yuko salama. Jino lile, amekubali, lilitolewa na fundi asiyejulikana. Kinyama kilichukuliwa, na kopo nililiona kwa macho yangu likiandikwa jina, Mama wa Mufindi, kisha nikapiga simu kila Jumatatu. Majibu yamekuja: ni ugonjwa uleule, hakuna vimelea vya TB wala dalili ya saratani, na dawa za TB zimesimamishwa rasmi kwa maandishi.

Upasuaji umepangwa kwa awamu mbili. Nyuma itafunguliwa kwanza, na mbele itafanywa kwa matundu wiki chache baadaye. Bingwa ametueleza kwamba atarudia MRI baada ya miezi sita na kisha kila mwaka, na kwamba kovu la mwanzo litatumika tena ugonjwa ukirudi. Pikipiki itaendeshwa na shemeji yetu kwa makubaliano ya mgao, yaliyoandikwa na kusainiwa mbele ya mjomba.

Mama ameridhia, ila ana swali lake mwenyewe ambalo hakutaka nimuulize daktari. Nyumba yetu iko chini ya mteremko mkali, na masika udongo wa kwetu huteleza kama sabuni. Anataka kujua kijana atashukaje hadi mlangoni akiwa na magongo mawili na kidonda nyuma ya goti.

Mama wa Mufindi alijibu:

Mwambie mama asimlete nyumbani wiki mbili za kwanza. Akae kwa mtu mwenye nyumba ya barabarani, hata Uyole, hadi nyuzi zitolewe. Akianza kushuka, magongo yatangulie, mguu mbaya ufuate, mzuri uje mwisho. Akipanda, mzuri utangulie. Kwenye utelezi mimi nilikuwa ninashuka kwa makalio, kama mtoto, na hakuna aliyenicheka zaidi ya siku moja.